Alto ya Pasaka kwenye Mashine ya Mwalimu

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa haimbi. Mgeni akija kwenye repetisyo, mazoezi yetu ya kila wiki, mara ya kwanza alidhani mzee ana mafua, akasubiri wiki ijayo amsikie. Wiki ijayo ikifika, bado hamsikii. Noti ya kuanzia alitupa kwa kinanda cha mtoto, kile cha betri chenye vitufe vya rangi, amekilaza mapajani kama mtu anayechambua mchele. Anabonyeza, sisi tunadaka. Tukikosea, yeye hatuonyeshi kwa sauti yake jinsi inavyotakiwa. Anabonyeza tena, na tena, hadi aliyekosea ajijue mwenyewe na uso wake uive kwa aibu.

Naandika haya kwa sababu yeye amehama na maneno niliyokuwa nayo sikumwambia. Mimi ni mtu wa kuandika. Darasani nikijua jibu nalimeza. Kwetu hapa mtaani Niboye watu wote wanaongea kwa sauti kubwa, Kiswahili cha Bujumbura walikokulia mama na baba, kimechanganyika na Kinyarwanda cha huku, na katikati ya kelele hiyo mimi natingisha kichwa tu. Ndiyo maana kwenye kwaya nilichagua alto. Soprano wako juu wanasikika, besi wako chini wanasikika. Nilidhani pale katikati hakuna atakayejua kama umefungua mdomo au umeufunga.

Mwalimu alijua. Alikuwa anapita nyuma ya mistari taratibu, mikono mgongoni, na akifika nyuma yako anasimama. Hasemi kitu. Unasikia pumzi yake na harufu ya sabuni ya kufulia. Basi unaimba, utafanya nini.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yetu, kipangu kimoja tu, ukuta wa ua, kinatutenganisha. Sebuleni mwake, juu ya kabati la vyombo, aliweka mashine. Watu wa mtaa walisema "mashine" tu, kana kwamba ni ya kusaga. Ilikuwa laputopu kuukuu iliyokufa kioo, ameiunganisha na televisheni ili aone anachofanya, pembeni kuna diski nene kama kitabu cha misa, na kisanduku cha waifai kinachowaka taa za kijani. Humo alikuwa ameweka muziki wote wa maisha yake: kaseti alizokuja nazo kutoka Burundi kwenye kikapu, CD za kwaya za parokia nyingine, na kila repetisyo aliyowahi kurekodi. Kaseti zilimchosha sana, kwa sababu haziwezi kuharakishwa. Ili wimbo uingie kwenye mashine lazima uuache uimbe mpaka mwisho, upande huu, halafu ugeuze. Kwa miezi tulisikia kwaya za zamani zikipita juu ya ukuta jioni tukila, na mama akinyamaza ghafla na kijiko mkononi: "Huu tuliuimba na mimi, nikiwa kama wewe."

Waifai yake ilikuwa haina intaneti. Vijana wa mtaa walipoona jina KWAYA kwenye simu zao walikuja mbio. Mwalimu akawakuta wamekaa kwenye kiukuta kifupi cha nje, wanahangaika.

"Mzehe, mbona haifunguki?"

"Inafunguka. Andika namba ziko hapo mlangoni."

Wakaandika zile namba alizochora kwa chaki. Zikatokea nyimbo.

"Sasa intaneti iko wapi?"

"Hapa hakuna intaneti. Hapa kuna zaburi."

Wawili walibaki. Mmoja sasa ni teno.

Kijana mmoja wa parokia ndiye aliyempangia mashine mwanzoni, akaondoka. Mwalimu akabaki nayo, wakawa wanagombana kama watu wawili waliopanga chumba kimoja. Siku ya kwanza alipofungua orodha, nyimbo zake zote zilikuwa zimeandikwa "Msanii asiyejulikana". Alikasirika kweli. Tulimsikia mpaka kwetu: "Asiyejulikana nani? Huyu ni mke wa fundi wa viatu! Huyu ni yule marehemu katekista! Unanidharaulia watu!" Akakaa chini, na kwa kibodi iliyokosa herufi moja akaanza kuwaandika mmoja mmoja. Pale mashine inapotaka jina la msanii, yeye aliandika jina la anayeimba, hata kama ni mama muuza mboga wa hapa chini. Pale inapotaka jina la albamu, aliandika sikukuu: Noeli, Kwaresima, Pasaka, Bikira Maria. Watu walikuja kujitazama kwenye televisheni. Mama muuza mboga alisimama mbele ya jina lake muda mrefu, kisha akasema, "Ehh. Mimi ni msanii," akaenda zake akicheka.

Lakini usidhani alikuwa mpole. Alimpa kila mwanakwaya jina lake la kuingilia na neno la siri, ili mashine imwambie nani amesikiliza sehemu yake na nani hakusikiliza. Kabla ya repetisyo alitusomea kama padri anayetangaza ndoa. "Fulani, hujagusa wimbo wiki nzima. Fulani, umesikiliza nusu ukaacha, ulikuwa unaenda wapi?" Watu wazima wenye watoto wanainamisha vichwa. Hakuwahi kumwonea aibu mtu kwa ajili ya cheo chake. Mwenyekiti wa kwaya mwenyewe alisomwa.

Na yeye huyohuyo, aliyesema muziki wa dansi unaozesha masikio, alikuwa na rumba za Kikongo kwenye diski, nyingi mno. Alizificha kwenye albamu ya Kwaresima, akijua hakuna atakayeisikiliza Kwaresima ikishapita. Mateno waligundua. Alipoulizwa alijibu bila kupepesa, "Hizo ni za toba," na swali likaishia hapo.

Kitu kimoja alikuwa hakubali: kufuta. Ukirekodiwa ukikohoa, kikohozi kinabaki. Jogoo akiwika, jogoo anaingia kwenye zaburi. "Mashine si pasi," alikuwa anasema. "Hatunyooshi watu."

Sasa nifike kwangu, maana nimezungukazunguka.

Kwa kila wimbo mpya Mwalimu alichagua mtu mmoja kwa kila sauti, akamrekodi peke yake, ili wengine wajifunzie kwake. Kwa wimbo wa Pasaka, kwa upande wa alto, alinichagua mimi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa na noti zote kichwani hata kama sikuzitoa. Ilikuwa likizo. Kwetu wakati ule biashara ya mama sokoni ilikuwa imelala, tulikuwa tunapika mara moja, jioni. Nilikwenda kwake saa za mchana. Akaniingiza chumbani alikotundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, akaweka simu juu ya biblia, akanipa noti kwa kitufe cha njano cha kinanda chake, akatoka na kufunga mlango. Nikaimba. Kwa sababu hakuna aliyeniona, niliimba vizuri, nasema kweli. Kuna mahali, kabla ya aleluya ya mwisho, alto inanyamaza kidogo wakati soprano wanapanda. Mimi sikuwa na soprano. Nilikuwa na ukimya. Na ndani ya ukimya ule tumbo langu lilinguruma, refu, likapanda na kushuka, likaisha kwa kaswali kadogo. Halafu nikaingia kwenye aleluya bila kukosea.

Mwalimu alisikiliza yote kwa visikilizio masikioni, akasema, "Nzuri," akaiweka kwenye mashine na jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani.

Jioni maalto walikaa kwenye kiukuta na simu zao. Mimi nilikuwa ndani kwetu naosha vyombo. Nilisikia kicheko cha kwanza. Kisha kicheko cha wote, kisha Divine, rafiki yangu kabisa wa kukaa naye dawati moja, akisema, "Rudisha, rudisha hapo hapo, sha! Sikiliza inavyouliza swali!"

Kesho yake niliitwa Ngoma. "Ngoma yetu imefika." "Ngoma, leo umekula?" Hawakuwa na ubaya, najua. Lakini hilo neno "umekula" lilikuwa linaingia mahali ambapo wao hawakupaona. Nilijibu "Nimekula" hata kabla ya kuulizwa.

Halafu mashine ikaongeza yake. Ukifungua ukurasa wa kwanza, kabla ya kitu chochote, inakuonyesha nyimbo zinazosikilizwa zaidi. Kila walipocheka, wimbo ulipanda. Wakawaita na soprano waje wasikie, ukapanda. Kabla ya wiki kuisha ulikuwa juu kabisa, juu ya kwaya za Bujumbura, juu ya mke wa fundi wa viatu, jina langu kwa herufi nene, na kila aliyekamata KWAYA kwenye simu yake alianza na mimi.

Nilijikaza nikaenda kwa Mwalimu. Nilifanya mazoezi ya sentensi njiani, na njia yenyewe ni fupi.

"Mwalimu, naomba ufute ile yangu."

"Ina kosa gani?"

"Ina... pale kabla ya aleluya."

"Noti umeziimba zote."

"Si noti, Mwalimu. Ni tumbo."

"Tumbo haliko kwenye noti." Akaendelea kupanguza kaseti kwa pamba, nami nikabaki nimesimama. Alipoona siondoki akaniuliza kama mama hajambo. Nikasema hajambo.

Hapo ndipo nilipojidhania nina akili. Kama wimbo unapanda kwa kusikilizwa, basi wimbo mwingine ukisikilizwa zaidi utaushusha wangu. Nilichagua sehemu ya besi ya wimbo uleule, kwa kuwa ilikuwa inaufuata. Waifai yake ilifika mpaka chumbani kwetu, kwenye kona ya dirisha. Nikaacha simu pale inajirudia yenyewe, bila sauti, asubuhi nikifagia, mchana nikisoma, jioni nikimenya viazi. Ikapanda. Nikafurahi peke yangu kama mwizi. Ijumaa besi ikanipita, nikawa wa pili. Sikukumbuka kwamba simu yangu iliingia kwa jina langu.

Kwenye repetisyo Mwalimu alivaa miwani, akasoma karatasi yake kama kawaida. Alipofika kwangu akarudi nyuma, akasoma tena kimoyomoyo. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya matangazo ya ndoa, "Kuna alto mmoja hapa amesikiliza besi kuliko besi wote wakijumlishwa."

Na akalitaja jina.

Aliyerekodiwa besi alikuwa mwanafunzi wa chuo, mwenye ndevu ndogo anazozishika akifikiri. Aligeuka kunitazama. Watu wote waligeuka. Mateno wakaanza, "Weeee!" Divine alinishika mkono na kuninong'oneza, "Mbona hukuniambia?" kwa uchungu wa kweli, kama niliyemficha. Yule kijana wa besi, maskini, akatabasamu kwa huruma. Ningeweza kusema ukweli. Ukweli ulikuwa tumbo. Nikapima kati ya kuonekana nimependa na kuonekana nina njaa, nikanyamaza, nikawaachia mapenzi. Mama alinisikia usiku huo nimejifunika shuka mpaka kichwani akauliza kama ni malaria.

Sikwenda repetisyo wiki ile wala iliyofuata. Mwalimu akaja kwetu. Nilimwona getini nikakimbilia jikoni. Alikaa uani na mama, akanywa chai, akasifu maharage, wakazungumza bei ya mkaa na watu wa Bujumbura waliokufa. Kuhusu mimi hakuuliza. Alipoondoka alipita karibu na mlango wa jiko, akasimama vile anavyosimama nyuma ya mistari. Nikasikia pumzi yake.

"Alto imepungua," alisema, kwa mlango.

Nikarudi. Sikurudi kwa ushujaa. Nilirudi kwa sababu nilijua akisimama tena hapo nitalia, na mama ataniuliza.

Mara ya mwisho niliyomwona ilikuwa Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya mtaa mzima ya mwisho wa mwezi, watu wamesharudi na majembe yao na barabara imetulia. Macho yake yalikuwa yamepungua sana, binti yake anayeishi Musanze alikuwa amekuja kumchukua. Mashine alikuwa ameitoa kwa parokia, vijana wangekuja kuibeba jioni. Mama alinituma na isombe, kisamvu chetu, kwenye chombo. Nje, kwenye kiukuta, Divine na maalto wengine walikuwa na simu zao, maana Pasaka ilikuwa kesho, na wimbo tuliokuwa tunaurudia ni uleule.

Nilimkuta mbele ya televisheni, ameikaribia mpaka pua inagusa.

"Ni nani? Alto?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Kaa. Wanaipeleka parokia. Huko watu ni wengi, hawakujui." Akanisogezea mausi. "Yako ile. Ukitaka, futa."

Sikumuuliza mara mbili. Sikusema hata asante. Nililitafuta jina langu, lilikuwa limesharudi palepale juu, nikabonyeza, mashine ikauliza kama nina hakika, nikabonyeza kabla haijamaliza kuuliza. Likatoweka. Mwili wote ulikuwa mwepesi, ningeweza kuruka kile kipangu.

"Sasa kuna na yangu," akasema.

"Yako? Mwalimu wewe huimbi."

"Siyo kuimba."

Akanielekeza kwa kumbukumbu: folda hii, chini, chini tena, repetisyo moja ya zamani. Akaniambia niicheze, ahakikishe ndiyo yenyewe. Kwaya inaimba, inakatika. Kisha sauti ya mwanamume, kali, kijana kuliko yeye lakini yeye: "Nani huyo? Wewe! Umechelewa, umeingia na matope yako ya ujenzi, na sauti yenyewe ni ya kuitia mbuzi. Toka. Toka, na usirudi kuniharibia watu." Mtu anasema kwa chini, "Samahani, Mwalimu." Kiti kinaburutwa. Kuna anayecheka. Mlango. Kisha sauti ileile kali: "Tuendelee."

Na wakaendelea, na waliimba vizuri sana.

Sikujua niangalie wapi. Mwalimu alikuwa ameshika magoti yake.

"Alikuwa fundi mwashi," alisema. "Alitoka kazini moja kwa moja, hakupita nyumbani, ili asichelewe zaidi. Hakurudi. Kanisani hakurudi pia." Akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Nimefuta kaseti. Hii ya mashine nimeshindwa, kidole kinakataa. Wewe una mkono mwepesi, nimeusikia sasa hivi. Futa."

Niliweka mshale juu yake. Hapo ndipo aibu iliponijia kwa namna nyingine. Mimi nilifuta tumbo. Tumbo halikumuumiza mtu, na nililifuta mbio kama mtu anayeua nyoka. Nikawa sijui kama mkono huo mwepesi ndio unaofaa kwa hili.

Kwa nje Divine akapaza sauti. "Mwalimu! Ile alto ya Pasaka imetoweka! Mashine imekufa?"

Mwalimu alinigeukia na yale macho yasiyoona vizuri, akangoja. Nilifahamu kwamba angengoja mpaka jioni.

"Haijafa," nikasema.

"Nani anasema? Ongea tusikie!"

"Haijafa! Nimeifuta mimi!"

Kisha Divine, "Umefuta? Weye umerogwa, sha? Kesho ni Pasaka! Tutajifunzia wapi, kwa kuku?"

Wengine wakaanza kusema wote pamoja. Nikasimama. Nilipofika mlangoni nikamsikia Mwalimu nyuma yangu, taratibu.

"Yangu iache. Waipeleke hivyo."

Nikatoka. Walikuwa wamekaa kwa mstari kwenye kile kiukuta, wananitazama, hakuna anayecheka, wamekasirika kweli. Mchana ulikuwa mweupe, hakuna blanketi, hakuna mlango wa kufunga, hata mama muuza mboga alikuwa amesimama ng'ambo na beseni lake kichwani.

"Haya," Divine akasema. "Toa hiyo alto, hapa hapa."

Nikavuta pumzi. Kabla sijaanza, maalto wote wakainua simu zao, wakazielekeza mdomoni mwangu, na kwenye kila kioo nikaona kale kadoti kekundu kanawaka. Simu zile zilikuwa za watu wengi, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kuifuta.

Nikaimba.